Kuifufua TV gemu yetu ya mwaka 1996: shajara ya mradi

Jumamosi, 31 Mei 2025

Leo nimeipata. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati la bibi, nyumbani Ngamiani, Tanga, imeviringishwa kwenye kanga iliyochakaa pamoja na kaseti saba, padi mbili na bastola ya plastiki. Mama alikuwa anatafuta mashuka ya wageni wa Idd, mimi nimemshikia kifuniko cha sanduku. Nilipoona pembe ya ile plastiki, zamani nyeupe na sasa rangi ya chai ya maziwa, niliacha kifuniko nikaingiza mikono yote miwili.

Mjomba aliileta kutoka Dubai mwaka 1996, nikiwa na miaka minane. Haina jina la kampuni. Juu kuna picha ya mpiganaji iliyobanduka nusu, kitufe cha kuwashia, kitufe cha kuanza upya, na mdomo wa kaseti wenye mlango wa kusukuma. Mtaani kila mtu aliiita TV gemu, na nyumba yenye TV gemu haikukosa ndara mlangoni.

Anayesoma haya akiwa mdogo akumbuke hali ilivyokuwa. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa bara tulisubiri hadi 1994, zilipoanza stesheni binafsi kama ITV huko Dar es Salaam. Kwetu Tanga televisheni ilikuwa kwanza chombo cha kuangalizia mikanda ya video. Kumbe kinaweza kukusikiliza! Unabonyeza hapa, mtu anaruka pale. Sijapata tena mshangao kama ule.

Ilikufa mwaka 2001. Adapta yake ilipotea, kaka akachomeka adapta ya redio kaseti, taa haikuwaka tena. Adapta ya zamani ikaonekana baada ya siku mbili nyuma ya kabati, lakini nayo haikusaidia kitu. Ikapelekwa kwa fundi mmoja, ikarudi na jibu: imeungua, tupeni. Bibi hakutupa kitu maishani mwake. Kaka alibeba lawama ile miaka yote. Hata leo ukitaja gemu mbele yake hunyamaza kwanza.

Kaka yuko Muskati, anafanya kazi huko tangu 2009. Anakuja likizo Agosti. Nataka aikute inawaka.

Jumapili, 8 Juni

Idd ilikuwa jana, leo nina nafasi. Nimetandika taulo juu ya meza ya jikoni nikaigeuza.

Skrubu tano. Nne ziko wazi, ya tano imejificha chini ya stika ya muhuri, ile kikaratasi cha fedha ambacho ukikibandua hakirudi. Stika ilikuwa nzima. Niliiangalia mara mbili, tatu, kwa tochi ya simu: nzima kabisa, haijawahi kuguswa na bisibisi ya mtu yeyote. Maana yake yule fundi aliyesema imeungua hakuifungua. Nimekaa na jambo hilo kwa muda kabla ya kuendelea.

Ndani kuna vumbi jekundu, bawa moja la kombamwiko, na kutu nyepesi kwenye bati la kupozea. Upepo wa bahari hauachi kitu hapa Tanga. Lakini ubao wa saketi wenyewe ni safi kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimejiandaa kukuta lile tone jeusi la gundi ambalo mashine za baadaye zinalo, ambamo kila kitu kimefungwa mahali pamoja. Badala yake nimekuta chipu mbili kubwa, kila moja ina miguu 40, zimeandikwa UMC. Ya kwanza ni UA6527P, ya pili UA6538. Pembeni kuna chipu mbili za kumbukumbu za kilobaiti 2 kila moja, na kristali ya kutolea mapigo ya mashine, yenye namba 26.601.

UMC ni kampuni ya Taiwan. Chipu hizi mbili ni nakala za zile zilizokuwa ndani ya Famicom ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800, kazi iliyoongozwa na mhandisi Masayuki Uemura. Moja inafikiri na kutoa sauti, nyingine inachora. Watu wengi wa nchi zetu hawakuwahi kuiona Famicom yenyewe. Waliijua kwa nakala hizi, zilizopita bandari na masoko bila tangazo wala duka rasmi, zikafika mpaka Ngamiani kwenye begi la mjomba.

Nimepiga picha ya ubao kwa simu. Picha hiyo peke yake ina megabaiti 4. Gemu nzima ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, viwanja vyote 32, muziki, maadui, kila kitu, ina kilobaiti 40. Picha moja ya simu yangu ingebeba gemu mia za namna hiyo.

Jumatano, 11 Juni

Sijagusa kifaa leo, nimeshinda kazini. Ila namba zile hazikunitoka kichwani, na usiku huu nimefumbua kitu kilichonisumbua zaidi ya miaka kumi.

Nilipoanza kupata intaneti nzuri nilitafuta video za watu wanaocheza Mario. Muziki ulikuwa unakimbia. Noti zilikuwa zilezile, sauti ileile, lakini mwendo kama mtu anayewahi basi. Nikadhani aliyerekodi ameharakisha video. Nikafungua nyingine, ileile. Nikakata shauri kwamba kumbukumbu yangu ndiyo iliyozeeka.

Haikuzeeka. UA6538 ni chipu ya kuchora iliyotengenezwa kwa televisheni za mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, na inachora picha 50 kwa sekunde. Japani na Marekani ni picha 60 kwa sekunde. Gemu hizi zinahesabu muda kwa picha: kila picha ikichorwa, Mario anasogea hatua yake na muziki unasogea hatua yake. Punguza picha kutoka 60 hadi 50, na dunia nzima ya ndani ya gemu inatembea taratibu zaidi. Wimbo unaochukua dakika 1 Japani, kwetu ulichukua sekunde 72.

Na mbona sauti haikuwa nzito, kama mkanda unaoishiwa betri? Jibu liko kwenye ile kristali. NES rasmi za Ulaya, yaani Famicom ya kuuzwa nje ya Japani, ziligawa mapigo ya kristali ya aina hiihii kwa 16, ubongo wake ukaenda kwa megahezi 1.66, na sauti nayo ikashuka. Waliotengeneza nakala hizi waligawa kwa 15, ikawa megahezi 1.77, karibu sawa na 1.79 ya Japani. Kwa hiyo sauti ilibaki juu palepale, mwendo tu ndio uliopungua. Warusi waliokulia kwenye Dendy, mashine ya jamaa na hii iliyoanza kuuzwa kwao 1992, wana muziki huuhuu wa taratibu vichwani mwao.

Kwa hiyo Mario niliyemjua mimi ni mtu wa mwendo wa pwani. Si kosa la mashine na si kosa la kumbukumbu. Naandika hili kwa herufi zote kwa sababu linabadilisha mradi: nilikuwa nafikiria, ikishindikana kabisa, kuagiza Famicom halisi ya Japani. Sasa najua ile ingempa kaka gemu asiyoijua.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya vipimo.

Nimenunua adapta mpya ya volti 9 mjini. Kabla ya kuchomeka nimesoma alama iliyochorwa nyuma ya mashine: katikati ni hasi. Kuna adapta za redio ambazo katikati ni chanya. Hapo ndipo penye lawama ya 2001: umeme uliingia kinyumenyume.

Nimefuata njia ya umeme kwa mita ya kupimia umeme, kutoka tundu la adapta kwenda ndani. Kitu cha kwanza baada ya tundu ni dayodi ndogo nyeusi yenye pete nyeupe, 1N4007. Imewekwa njiani, si pembeni. Dayodi ni kama mlango wa zizi unaofunguka upande mmoja: umeme wa njia sahihi unapita, wa kinyume unagonga na kubaki nje. Nimeipima, nzima. Siku ile kaka alipochomeka adapta ya redio, hakuna hata tone la umeme lililovuka hapo.

Nimekaa chini.

Sasa mbona ilikufa? Nimerudi kwenye tundu lenyewe. Lina miguu mitatu iliyolehemewa kwenye ubao. Nimeweka lenzi juu ya mguu wa katikati nikaona ufa wa duara kwenye risasi ya kulehemea, mwembamba kama unywele, umeuzunguka mguu wote. Ukiutazama wima huuoni. Ukiinamisha ubao kwenye mwanga wa dirisha unaonekana kama pete. Mita nimeiweka kwenye mlio, kimya. Nikausukuma mguu kwa ncha ya kijiti cha meno, mita ikalia. Nikaachia, kimya.

Plagi ya ile adapta ya redio ilibana, nakumbuka kaka akiisukuma kwa kiganja. Msukumo ule ndio uliovunja risasi. Tundu likalegea, na ndiyo maana hata adapta yake yenyewe haikuiamsha tena. Ni kazi ya nusu dakika kwa fundi yeyote mwenye pasi ya kulehemu, kama tu angefungua skrubu ya tano.

Nimefuta risasi ya zamani, nimetia mpya kwenye miguu yote mitatu. Bila kaseti, nimechomeka adapta na kupima. Inayoingia volti 9.1. Baada ya dayodi 8.4. Inayotoka kwenye regyuleta ya 7805, ile ya kushusha volti yenye bati la kupozea: 5.02. Taa nyekundu ikawaka.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwonyesha. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakuiunguza?" Nikamwambia hakuiunguza, mama. Akaweka ungo chini, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema baba yako Mwenyezi Mungu amrehemu, alimfokea sana mtoto wa watu.

Nilishika simu nimpigie kaka, kisha nikairudisha mezani. Hili si la kuambiwa kwa simu.

Ijumaa, 20 Juni

Kapasita nne zimefika kutoka Kariakoo na basi la asubuhi. Moja ya zamani ilikuwa imevimba kichwani, nyingine zimekauka. Nimezibadilisha zote nne. Hakuna la kusimulia zaidi.

Jumapili, 22 Juni

Picha ya kwanza! Nimeunganisha kwenye TV bapa ya sebuleni kwa waya za AV, njano picha, nyeupe sauti. Bila kaseti inatoa ukijivu mtupu. Nikaweka kaseti ya Tanki: mistari, na vipande vya herufi vimetawanyika kama njugu zilizomwagika. Nikatoa, nikarudisha. Rangi nyingine, uchafu uleule.

Mdomo ukaenda wenyewe kwenye kaseti. Nilijikuta nimeshaivuta pumzi kabla sijakumbuka. Sote tulipuliza, yupo aliyepuliza mara tatu, yupo aliyefuta kwa shati kwanza, na kila nyumba iliamini ina utaratibu wake. Ukweli ni kwamba kilichosaidia ni kule kutoa na kurudisha, meno ya chuma yakapata mahali papya pa kugusana. Pumzi yenyewe ilipeleka unyevu, na unyevu ndio huu nauona leo: ukijani kwenye shaba.

Kaseti hizi zina meno 60, thelathini kila upande. Nimezifungua zote saba. Nimeyasugua meno kwa raba ya penseli, taratibu, upande mmoja tu, kisha spiriti kwa pamba za masikio. Pamba ya kwanza imetoka nyeusi, ya tatu kijivu, ya sita nyeupe. Mdomo wa mashine nimeusafisha kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa chenye spiriti, ndani nje, ndani nje.

Ndani ya kifuniko cha kaseti ya Kontra nimekuta mwandiko wa kaka, kalamu ya bluu: J J C C Sh L Sh L B A. Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Maisha thelathini. Kushoto na kulia yote yanaanza na K, ndiyo maana akaandika Sh na L. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Mbinu ile aliibuni Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alipokuwa anaihamishia gemu ya Gradius kwenye Famicom mwaka 1986, ili aweze kuijaribu gemu yake bila kufa mapema. Sijui ilifikaje Ngamiani bila intaneti wala gazeti. Mtoto mmoja alimwambia mwingine, basi.

Saa nne usiku kaseti ya Mario imekubali. Nimetazama mawingu na vichaka: kweli ni mchoro mmoja, kimoja kimepakwa cheupe, kingine kijani. Kwa kilobaiti 40 hawakuwa na nafasi ya kuchora mara mbili.

Na muziki ni ule wa taratibu. Niliacha Mario asimame pale mwanzoni hadi muda ukaisha, nasikiliza.

Jumamosi, 28 Juni

TV bapa haifai. Nikibonyeza kuruka, Mario anawaza kwanza. TV hizi huchukua muda kuisoma picha ya zamani na kuikuza kabla ya kuionyesha, na kwenye shimo la tatu muda huo ndio kifo chako. Bastola ya kupigia bata nayo haifanyi kazi kabisa. Kwenye TV ya chogo, ukivuta kifyatuo, gemu inaifanya skrini nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha inachora kisanduku cheupe mahali alipo bata. Ndani ya mtutu kuna jicho la kupokea mwanga. Likiona giza halafu mweupe kwa wakati wake, umempata. TV bapa ikichelewa hata kidogo, jicho linaona giza tu.

Kwa hiyo nimetafuta TV ya chogo. Zilikuwa kila nyumba. Kisha matangazo ya analojia yakaanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wakanunua ving'amuzi, na taratibu na TV mpya pia. Leo chogo zimekuwa viti vya kuku. Nimezunguka kwa mafundi watatu. Wa mwisho, mzee wa makamo ya marehemu baba, alikuwa nayo ya inchi 14 chini ya meza.

"Shikamoo mzee. Hii inawaka?"

"Marahaba. Inawaka mwanangu, ila nani anaitaka siku hizi?"

Nikamweleza. Akaitoa, akaifuta vumbi kwa mkono wake, akaiwasha, ule mlio mwembamba ukaja na vinyweleo vya mkono vikasimama nilipokaribia kioo. Rangi pembeni ilikuwa na doa la zambarau kwa sababu imekaa jirani na spika. Alipitisha koili ya kuondolea sumaku mbele ya kioo kwa mizunguko, akirudi nyuma hatua kwa hatua, doa likayeyuka. Nilimwomba pia anisafishie ndani. Mimi chogo siifungui. Kile kioo kinaweza kushikilia umeme mkubwa hata baada ya kuchomolewa ukutani, na hilo nawaomba na nyinyi mnaofuata mradi huu mliheshimu. Alinitoza shilingi 25,000 kwa vyote, akakataa za juu.

Nimeibeba kwa bajaji nimeipakata mapajani.

Jumapili, 13 Julai

Padi.

Ya kwanza haiendi kushoto. Ya pili imekufa. Kwenye Famicom ya asili padi zilikuwa zimeungwa moja kwa moja kwenye mashine, na ya pili ilikuwa na kipaza sauti; zetu zinachomoka, plagi ya pini tisa, na zina vitufe viwili vya ziada vya kufyatua mfululizo.

Nimeifungua ya kwanza. Chini ya vitufe kuna mpira laini wenye duara nyeusi za kaboni, kila kitufe na duara lake. Ukibonyeza, kaboni inagusa vidole viwili vya shaba na kuviunganisha. Duara la kushoto limelika hadi kuonekana mpira. Ajabu ni kwamba kulia, tulikokimbilia miaka mitano mfululizo, ni zima. Nikakumbuka: kwenye Tanki kaka alijibanza kona ya kulia akipiga kuelekea kushoto.

Nimepaka penseli laini, tabaka juu ya tabaka, na imeitika. Najua haitadumu. Dawa ya kudumu ni kukata kaboni kutoka mpira wa rimoti mbovu na kuibandika, nitaifanya nikipata rimoti.

Lile umbo la msalaba la kuelekeza ni kazi ya Gunpei Yokoi, alilitia kwanza kwenye kigemu cha mkononi cha Donkey Kong mwaka 1982. Ukilishika baada ya miaka ishirini na minne, dole gumba linajua mahali pake. Kidole changu kimekua, lakini bonde la katikati kimelipata bila kutafuta.

Ya pili ni waya umekatika ndani, karibu na plagi, pale tulipokuwa tunauzungushia padi baada ya kucheza. Nyaya tano tu: umeme, ardhi, na tatu za mazungumzo. Mashine inasema "hesabu sasa", kisha inaviita vitufe kimoja kimoja, vinane vyote, kupitia waya mmoja, kwa kila picha. Nimekata sentimita nne, nimeunga upya waya kwa waya. Mbili nilizibadilisha, padi ikagoma, nikafungua tena. Sasa ziko sawa.

Jumanne, 22 Julai

Mpwa wangu amekuja kutoka Dar, anasomea kompyuta. Ameitazama mashine kwa heshima, nampenda kwa hilo. Kisha akasema, "Mjomba, mbona usitoe huo ubao, ukaweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi humo ndani? Gemu maelfu, HDMI, na unahifadhi ulipofikia."

Tumezungumza hadi usiku. Hoja zake ni nzuri. Chipu hizi hazitengenezwi tena. Ikifa UA6538 sina pa kuinunua kirahisi. Programu za kuigiza mashine hizi zipo, na yeye mwenyewe amenionyesha moja yenye hali ya Dendy, picha 50 kwa sekunde, mwendo wetu kamili. Nimesikiliza. Ni sahihi kabisa.

Nimemwambia mpwa wangu, tukitoa ubao tutabaki na plastiki. Huu ubao ndio uliokuwa unapata moto mama alipokuwa anapita na kusema ipumzisheni. Tulidhani ni kutunyima tu, kumbe regyuleta ile inageuza kila volti ya ziada kuwa joto, na bati lake ni dogo kama kadi ya simu. Mama alikuwa anaweka kiganja juu ya plastiki na kupima bila mita. Nataka joto lilelile, mahali palepale.

Tumekubaliana hivi: ubao hauguswi, ila atapiga picha pande zote mbili za kila kaseti, na atarekodi muziki moja kwa moja kutoka waya mweupe, ubaki hata mashine ikiondoka. Usiku huuhuu amerekodi wimbo wa kwanza wa Mario na kuulinganisha na wa Japani kwenye kompyuta yake. Sekunde 60 za kule, 72 za hapa. Aliitazama ile namba akacheka kwa furaha, akaucheza tena.

Ile kaseti ya "64 kwa 1" tumeihesabu pamoja. Gemu tofauti ni kumi na saba. Zilizobaki ni zilezile, zinaanzia kiwanja kingine. Utotoni tulizicheza zote sitini na nne, na kila moja tuliihesabu.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaka amefika juzi. Jana alilala. Leo baada ya Alasiri nimetandika mkeka sebuleni, nikaweka chogo juu ya sanduku la bati la bibi, nikawasha, nikakaa pembeni.

Alikuwa ukumbini anaongea na mama. Muziki ulipoanza akakata maneno katikati. Alikuja hadi mlangoni akasimama, ameshika fremu ya mlango. Hakuangalia skrini. Aliangalia taa nyekundu.

"Umenunua nyingine?"

"Ni ileile, kaka."

Nikamwonyesha ile stika ya muhuri. Nilikuwa nimeibandua kwa kisu cha moto ili isichanike, nimeihifadhi kwenye bahasha. Nikamwonyesha picha ya pete ya ufa kwenye risasi, na ya dayodi. Nikamweleza polepole, umeme ulifika hapa ukakwama, haukuingia, hukuunguza kitu. Aliishika bahasha muda mrefu. Akauliza tena kuhusu dayodi, nikaeleza tena. Akauliza mara ya tatu. Mama akajibu yeye kutoka nyuma yetu: "Mlango wa zizi, baba. Mlango wa zizi."

Kaka akavua kofia, akakaa mkekani, si kwenye kochi. Akachukua padi ya kwanza. Alikuwa na haki nayo siku zote, ni mkubwa.

Tulianza na Tanki, wawili, kulinda tai. Kiwanja cha pili alinipiga kwa bahati mbaya, nikaganda mahali nilipo, na akaomba radhi kwa maneno yaleyale ya 1997. Kisha Kontra. Hakuitazama kaseti. Vidole vilienda vyenyewe, J J C C Sh L Sh L B A, tukapata maisha thelathini kila mmoja. Kufika maporomoko ya maji nilikuwa nimebaki na matatu na mpwa wangu amesogea, mtoto wa jirani naye amesogea, na ndara mlangoni zimefika jozi sita.

"Ukifa unatoa," kaka akawaambia. Ndiyo sheria ilivyokuwa.

Vipimo vya leo, baada ya saa tatu na nusu mfululizo: regyuleta 4.98, picha imetulia, kitufe B cha padi ya pili kinanata kidogo. Nilitaka kuendelea. Mama akapita na sinia ya chai na mikate ya sinia, akaweka kiganja juu ya mashine, upande wa kushoto nyuma, penye bati.

"Ipumzisheni," akasema.

Tukaizima.